Homoni Zikizidi, Homoni Zikipungua: Somo Kutoka Zizini Hadi Kliniki

Mkulima wa Kuria anayelima kwa maksai analijua somo hili hata kama hakulisikia darasani. Fahali wawili wakikutana malishoni watapimana nguvu mpaka mmoja akimbie. Lakini fahali akihasiwa angali mchanga hutulia. Nundu yake haikui kama ya wenzake, shingo haitanuki, hana haja na majike, na akivishwa nira anaikubali. Hakuna aliyegusa kichwa chake wala miguu yake. Viungo viwili vidogo tu vimeondolewa, na mwili mzima umebadilika pamoja na tabia.

Kilichopungua katika damu ya maksai ni homoni. Binadamu naye anaongozwa na homoni, na zikizidi au zikipungua hubadilika mwili na tabia vilevile. Tofauti ni kwamba kwa maksai tunajua sababu, lakini kwa binadamu mara nyingi hatujui. Tunasema ni malaria isiyoisha, ni uvivu, ni hasira, ni uzee, au ni mkono wa mtu. Wakati tunatafuta majina, ugonjwa unaendelea.

Katika toleo hili tunaeleza homoni ni nini, zinavyofanya kazi, dalili za kuzidi na kupungua kwake, na hatua ambayo mkazi wa Kehancha, Isebania, Ikerege, Mabera au Masaba anaweza kuchukua mapema.

HOMONI NI NINI?

Mwaka 1849, mwanasayansi Arnold Berthold wa Göttingen, Ujerumani, aliwahasi jogoo wachanga. Wale walioachwa hivyo walikua na kilemba kidogo kilichofifia, hawakuwika ipasavyo wala kupigana. Wengine aliwarudishia korodani moja, lakini akaiweka tumboni, mbali na mahali pake pa kawaida na bila mishipa yake ya fahamu. Hao walikua jogoo kamili wenye kilemba chekundu, wakawika na kupigana. Berthold akaona kwamba kuna kitu kinachotoka kwenye kiungo hicho na kusafiri kwa damu hadi mwili mzima. Mwaka 1905 daktari Ernest Starling wa London alikipa kitu cha namna hiyo jina la homoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha au kuchochea.

Kwa maneno mepesi, homoni ni ujumbe. Hutengenezwa na tezi, huingia kwenye damu, kisha huambia viungo vingine la kufanya: kua, pumzika, choma chakula, hifadhi sukari, toa maziwa. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, ndiyo maana hata upungufu mdogo au ziada ndogo huleta mabadiliko makubwa.

Tezi kuu ni hizi: pituitari, iliyo chini ya ubongo na yenye ukubwa wa punje ya njegere, thairoidi, iliyo mbele ya shingo na yenye umbo la kipepeo, kongosho, lililo nyuma ya tumbo la chakula, adrenali mbili, zilizo juu ya figo, na ovari za mwanamke na korodani za mwanamume.

Mwili hujuaje kiasi kinachotosha? Fikiria tangi la maji lenye boya. Maji yakipungua, boya linashuka na kufungua bomba. Tangi likijaa, boya linapanda na kulifunga. Pituitari hufanya kazi kama boya hilo. Homoni ya thairoidi ikipungua katika damu, pituitari hutuma ujumbe wa kuihimiza tezi iongeze. Ikitosha, ujumbe hupungua. Ugonjwa huja bomba linapoziba, au boya linapoharibika na maji kumwagika bila kukoma.

TEZI YA SHINGO: KASI YA MWILI

Homoni ya thairoidi huamua kasi ambayo mwili unatumia chakula na nguvu. Ikipungua, kila kitu huenda pole. Mgonjwa huchoka hata baada ya kulala, huhisi baridi wakati wengine wanatoa jasho, huongezeka uzito ingawa hali sana, hupata choo kigumu, na ngozi yake hukauka. Moyo hupiga polepole. Hedhi huweza kuwa nzito na ya siku nyingi. Fikra huwa nzito na moyo hujaa huzuni. Nyumbani ataambiwa kwamba amekuwa mvivu.

Homoni hiyo ikizidi, mambo hugeuka. Mtu hula vizuri na bado anakonda. Moyo humwenda mbio hata akiwa ameketi, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, hapati usingizi, na anaharisha mara kwa mara. Huwa mwepesi wa hasira na wa kulia. Kwa baadhi ya wagonjwa macho hutokeza nje. Aina hiyo ya ugonjwa huitwa kwa jina la Robert Graves, daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Usipotibiwa, moyo huanza kupiga bila mpangilio, na hapo kuna hatari ya moyo kushindwa kazi au mgonjwa kupata kiharusi.

Ninaandika haya nikimkumbuka shangazi yangu. Alikuwa mke mwenye heshima katika boma la wakwe zake, mkulima hodari na mpole. Kisha akaanza kukonda, kugombana na kila mtu, na kutembea usiku kwa kukosa usingizi. Macho yalipotokeza, watu waliacha kumtazama usoni. Wakwe walisema ameletewa kitu. Alirudishwa kwao, na jamaa wakauza ng'ombe wawili kulipa waganga wa pande zote mbili za mpaka. Miaka minne baadaye alikwenda kliniki kwa ajili ya kikohozi. Mhudumu aliyemshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo ya moyo akaacha habari ya kikohozi, akamtazama shingoni, akaagiza kipimo cha damu. Alipewa vidonge, na baada ya miezi michache mikono ilitulia na uzito ukarudi. Hasira nayo ilikwisha. Ndoa yake haikurudi. Kila nikisikia mtu akisema kwamba mwanamke fulani amebadilika tabia ghafla, huuliza kwanza kama amepimwa.

Ugonjwa huu una tiba. Thairoidi iliyopungua hutibiwa kwa kidonge kimoja kwa siku, ambacho kwa kawaida humezwa asubuhi kwa maji kabla ya kunywa chai na kula. Wengi hukihitaji maisha yao yote, na wakikimeza ipasavyo huishi kama watu wengine. Thairoidi iliyozidi hutibiwa kwa dawa za kuipunguza kasi, na wakati mwingine kwa upasuaji au kwa matibabu maalumu ya mionzi.

ROVU NA PAKITI YA CHUMVI

Wazee wetu wanakumbuka watu wenye uvimbe mkubwa shingoni, unaoitwa rovu au goita. Sababu iliyokuwa ya kawaida zaidi ni ukosefu wa ayodini, madini ambayo tezi ya thairoidi huyatumia kutengenezea homoni yake. Ukivuka mpaka hapo Sirari utasikia wenzetu wa Tanzania wakiyaita madini joto.

Rovu hutokea hivi. Tezi ikikosa ayodini haiwezi kutengeneza homoni ya kutosha. Pituitari hutuma ujumbe mmoja baada ya mwingine kuihimiza, na kwa kuhimizwa huko tezi hukua. Ni kama mfanyakazi anayeongezewa kazi huku amenyimwa jembe.

Ayodini ni nyingi baharini. Kwenye nyanda za juu na za bara, mvua za miaka mingi huiosha kutoka udongoni, na mazao hukua bila madini hayo. Samaki wa ziwani ni lishe nzuri, lakini hawana ayodini nyingi kama wa baharini. Chakula nacho kina sehemu yake. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu huko Kongo, watafiti walichunguza kwa miaka mingi kwa nini rovu ilienea mno kwa wakazi. Waligundua kwamba ayodini ilikuwa chache, na muhogo usioandaliwa vizuri ulizidisha tatizo, kwa sababu sumu yake ikisagwa mwilini hugeuka kitu kinachoizuia tezi kuchukua ile ayodini kidogo iliyopo. Sisi tunaokula muhogo hatuna haja ya kuuacha. Tuendelee na desturi ya kuumenya, kuuloweka au kuuvundika, kuukausha vizuri juani, na kuupika mpaka uive.

Kenya ilichagua njia rahisi ya kuwafikia watu wote, nayo ni chumvi. Tangu 1978 sheria inataka chumvi ya kula iongezwe ayodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mama mjamzito 250. Hicho ni kiasi kidogo kuliko punje ya mchanga, lakini kinahitajika kila siku.

Nyumbani, zingatia haya:

• Nunua chumvi iliyofungwa kwenye pakiti na iliyoandikwa kwamba imeongezwa ayodini. Chumvi ya mifugo si ya binadamu, na magadi ya kulainishia mboga hayawezi kuchukua nafasi yake.

• Iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua, moshi na unyevu. Ayodini hupotea hewani.

• Itie chakula kinapokaribia kuiva.

• Usizidishe. Chumvi nyingi hupandisha presha. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu chumvi yote iliyo ndani ya chakula, kinamtosha mtu mzima.

Tahadhari moja: uvimbe wa shingo peke yake hauonyeshi kama homoni imezidi au imepungua. Wapo wenye rovu ambao homoni zao ziko sawa, na wapo wenye shida kubwa ya homoni bila uvimbe wowote. Uvimbe mgumu, unaokua haraka, au unaobadilisha sauti na kuzuia kumeza, upelekwe hospitalini bila kuchelewa. Kuuchanja kwa wembe hakuupunguzi, na kunaweza kuleta damu nyingi na maambukizi.

MTOTO MCHANGA ANAYELALA MNO

Hapa ndipo kuchelewa kunagharimu zaidi. Wapo watoto wanaozaliwa bila tezi ya thairoidi, au na tezi isiyofanya kazi. Ubongo wa mtoto mchanga unahitaji homoni hii ili ukue. Akianza dawa katika wiki mbili za kwanza, mtoto huyo huweza kukua na kusoma kama wenzake. Akicheleweshwa kwa miezi, akili hupata madhara ambayo dawa haiwezi kuyaondoa baadaye.

Katika nchi nyingi tajiri kila mtoto hutolewa tone la damu kisiginoni siku za kwanza ili apimwe. Kwetu huo bado si utaratibu wa kila mahali, kwa hiyo macho ya mama, ya nyanya na ya mkunga ndiyo kinga ya kwanza. Dalili ni hizi: mtoto analala mno mpaka aamshwe kunyonya, ananyonya kwa uvivu, analia kwa sauti nzito, hapati choo kwa siku kadhaa, umanjano wa macho na ngozi hauishi baada ya wiki mbili, ulimi ni mkubwa, au kitovu kimetokeza. Mara nyingi mtoto huyu husifiwa kuwa ni mtulivu. Ukiona dalili hizi, usingoje tarehe ya chanjo. Mpeleke kliniki na useme wazi kwamba unataka homoni ya thairoidi iangaliwe.

KONGOSHO: INSULINI NA SUKARI

Ugali tunaokula hugeuka sukari katika damu. Sukari hiyo haiwezi kuingia vizuri kwenye seli za misuli bila insulini, homoni ya kongosho. Insulini ni kama ufunguo wa ghala: bila ufunguo, magunia yanarundikana mlangoni na watu wa ndani wanalala njaa. Ndivyo mgonjwa wa kisukari anavyokuwa na sukari nyingi kwenye damu huku mwili ukikonda.

Kuna aina mbili kuu. Katika aina ya kwanza, ambayo mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kongosho hukoma kabisa kutengeneza insulini. Katika aina ya pili insulini ipo, ila mwili umekuwa sugu kwake, na mwishowe kongosho huchoka. Hii ya pili ndiyo ya watu wengi, na huchangiwa na unene wa tumbo, kukaa bila mazoezi, na urithi wa ukoo.

Aina ya kwanza inahitaji macho ya pekee katika kaunti yetu. Mtoto anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mno, anaanza tena kukojoa kitandani, na anakonda. Halafu anatapika, tumbo linamuuma, anapumua haraka na kwa kina, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva sana, na anasinzia. Katika eneo la malaria kama letu, jambo la kwanza kufikiriwa ni malaria. Ni sawa kupima malaria, lakini tone hilohilo la damu ya kidole linaweza kupima sukari pia kwa muda usiofika dakika moja. Mzazi, iombe. Mtoto asiye na insulini akitibiwa malaria peke yake anaweza kufa katika siku chache.

Zamani ugonjwa huu haukuwa na tiba. Tarehe 11 Januari 1922, katika mji wa Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa wa kwanza kudungwa insulini iliyopatikana kwa kazi ya Frederick Banting, Charles Best na wenzao. Kijana aliyekuwa akisubiri kifo aliishi miaka mingine 13. Siku ya Kisukari Duniani huadhimishwa tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting.

Kipimo kikionyesha 7.0 au zaidi kabla ya kula chochote asubuhi, au 11.1 au zaidi saa yoyote kwa mtu mwenye dalili, hicho ni kiwango cha kisukari. Asiye na dalili hurudiwa kipimo siku nyingine ili kuhakikisha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima tisa katika kila kumi nchini hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja.

Insulini ikizidi nayo ni hatari. Kwa kawaida hutokea mgonjwa anapojidunga kisha akakosa chakula, au anapofanya kazi nzito ya shamba bila kula. Sukari ikishuka chini ya 4 huanza kutetemeka, kutoa jasho baridi, na kuongea ovyo. Akiwa njiani anaweza kudhaniwa mlevi. Kama anaweza kumeza, mpe soda yenye sukari, maji ya sukari au asali, kisha chakula. Kama amezimia usimtie kitu kinywani. Mlaze ubavu na umkimbize hospitalini.

Kwa boma lisilo na friji, chupa ya insulini inayotumika huweza kuwekwa kwenye chombo kikavu ndani ya chungu cha udongo chenye maji, kivulini. Isiwekwe juani wala juu ya dari la bati, na isiachwe igande kwenye barafu.

VIDONGE VYA KUNENEPESHA

Tezi za adrenali hutoa kotisoli, homoni inayousaidia mwili kustahimili ugonjwa, njaa na hofu. Ikipungua, mtu hudhoofika, hukonda, hutamani chumvi, huona kizunguzungu akisimama, na fizi na mistari ya viganja huwa nyeusi zaidi kuliko zamani. Daktari Thomas Addison wa London alieleza hali hii mwaka 1855, na kifua kikuu kilikuwa sababu yake mojawapo kubwa. Hata leo, aliyewahi kuugua kifua kikuu na akaona dalili hizi amweleze daktari historia hiyo.

Ikizidi, uso huwa wa mviringo kama mwezi, tumbo na mabega hunenepa huku mikono na miguu ikikonda, michirizi ya zambarau hutokea tumboni, na presha na sukari hupanda. Wengi wanaofikia hali hii hawana ugonjwa wa tezi, bali wamejimezea dawa. Deksamethasoni na prednisoloni ni dawa muhimu ambazo hufanya kazi kama kotisoli. Zikiuzwa sokoni kwa siri huitwa vidonge vya kuongeza mwili, na wasichana huvimeza ili wapate mashavu na umbo. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina dawa za jamii hiyohiyo, na zikipakwa kwa muda mrefu huingia kwenye damu.

Unene huo si afya. Tena, baada ya wiki kadhaa za kuletewa homoni kutoka nje, boya linafunga bomba na tezi za adrenali zinalala. Anayeacha ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha kushuka na hata kufa. Kwa hiyo, aliyekuwa akitumia vidonge hivi asiogope wala kuona haya. Aende hospitalini na pakiti yake mkononi ili apunguziwe polepole. Na aliyeandikiwa dawa hizi na daktari kwa ugonjwa wowote asiziache kwa sababu ya makala haya. Azungumze na daktari kwanza.

MAMA ALIYEVUJA DAMU NYINGI

Pituitari huongoza tezi nyingine, na ina nguvu kubwa kuliko umbo lake. Ikitoa homoni ya ukuaji kupita kiasi wakati wa utoto, mtu hukua bila kikomo. Robert Wadlow wa Marekani alifikia mita 2.72 na bado alikuwa anakua alipofariki mwaka 1940 akiwa na miaka 22. Homoni hiyo ikipungua, mtoto hubaki mfupi kuliko wenzake. Ndiyo sababu kliniki hurekodi urefu wa mtoto pamoja na uzito.

Jambo linalotuhusu zaidi ni uzazi. Wakati wa ujauzito pituitari huvimba na huhitaji damu nyingi. Mama akivuja damu kupita kiasi wakati wa kujifungua, sehemu ya tezi hiyo inaweza kufa kwa kukosa damu. Daktari Harold Sheehan wa Uingereza alilieleza jambo hili mwaka 1937. Dalili ya kwanza mara nyingi ni maziwa kukataa kutoka. Kisha hedhi hairudi hata baada ya miezi mingi, nywele za kwapani hupukutika, na mama huwa mnyonge na wa kuhisi baridi. Wengine hugundulika baada ya miaka mingi, baada ya kuitwa tasa au kulaumiwa kwa kukataa kunyonyesha.

Kinga iko mikononi mwetu. Oksitosini ni homoni ya pituitari inayokaza mji wa mimba ili damu isimame, na mtoto akinyonya mara baada ya kuzaliwa huichochea. Mhudumu wa afya humdunga mama oksitosini mara tu mtoto anapotoka, kwa sababu hiyohiyo ya kuzuia damu. Mama anayejifungulia nyumbani huikosa sindano hiyo. Aliyewahi kuvuja damu nyingi na asipate maziwa wala hedhi, aeleze yote mawili kwa pamoja anapomwona daktari.

UFANYE NINI?

Andika mabadiliko unayoyaona na tarehe yalipoanza: uzito, hedhi, usingizi, kiu, mapigo ya moyo. Picha ya zamani husaidia, kwa sababu uso hubadilika polepole hata wa nyumbani wasitambue.

Anza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako. Mabegi waliyogawiwa kuanzia Septemba 2023 yana mashine ya presha na ya kupima sukari. Kisha nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wenye kuhitaji vipimo zaidi hupelekwa Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kuria Magharibi hapa Kehancha, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Migori. Kama kipimo cha homoni hakipo siku hiyo, uliza kinapatikana wapi na uondoke na barua ya rufaa mkononi.

Kama hujajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, piga *147# kwenye simu yako au umwombe mhamasishaji akusaidie. Jisajili ukiwa mzima.

Anayetaka kumwombea mgonjwa na amwombee, na mzee anayetaka kukalisha ukoo na aukalishe. Lakini damu ipimwe kwanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

Yasomeni pamoja nyumbani au kwenye kikundi:

1. Kwa nini tezi ya shingo hukua inapokosa ayodini?

2. Mtoto ana homa, anakunywa maji mno na anapumua kwa kina. Zaidi ya malaria, mzazi aombe kipimo gani?

3. Kwa nini ni hatari kuacha ghafla vidonge vya kunenepesha?

4. Chumvi ya nyumbani kwako imewekwa wapi sasa hivi, na je, ina kifuniko?